Mmoja anafika, mwingine anaondoka: shajara ya bango la kitenzi kimoja

2 Juni

Kusi limeingia, wageni wamepungua, na hapa Malindi hoteli kadhaa zimefunga kwa muda. Ndiyo maana darasa la jioni limejaa: waongoza watalii wawili, wapishi watatu, vijana watatu wa mashua na dada mmoja anayeuza vinyago. Tisa. Kiitaliano cha kuzungumza wanacho, tena wengine wananishinda, maana wamekiokota ufuoni tangu utotoni. Wanachokosa ni kuona kwamba Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiromania ni watoto wa mama mmoja, ili akija Mhispania wasirudi kwenye alifu.

Kwa hiyo mradi ni huu: bango moja la ukutani, ukubwa wa A1, lenye kitenzi kimoja cha Kilatini juu na watoto wake chini. Kitenzi kimoja tu. Mwaka jana nilijaribu bango la vitenzi ishirini na hakuna aliyelitazama zaidi ya mara moja.

Nimechagua *plicare*, yaani kukunja. Nimekichagua kwa sababu watoto wake hawapatani. Mwitaliano akisema *piegare* anakunja shuka. Mfaransa akisema *plier* naye anakunja, ila ana pacha wake *ployer*, kupinda, kama tawi lililoelemewa na maembe. Mkatalani, mtu wa kaskazini-mashariki mwa Hispania mwenye lugha yake, ana *plegar*: kukunja, na vilevile kumaliza kazi ya siku. Halafu mambo yanageuka. *Llegar* ya Mhispania ni kufika. *Chegar* ya Mreno ni kufika. *A pleca* ya Mromania ni kuondoka.

Yaani uwanja wa ndege wa Madrid ukifuata kibao cha *Llegadas* utawakuta wanaoshuka, na wa Bucharest ukifuata *Plecări* utawakuta wanaopanda. Mzizi ni ule ule. Nataka mwanafunzi alitazame bango aseme, "Imekuwaje?" na jibu liwe pale pale.

Muda niliojipa: mwezi mmoja.

5 Juni

Leo tumeshughulika na sauti tu. Niliogopa litakuwa somo kavu, kumbe ndilo lililochangamka.

Tulianza na mvua. Kilatini *pluvia*. Nikaandika ubaoni *pioggia, pluie, lluvia, chuva, ploaie*, nikawauliza neno lilianza na nini na limeishia na nini katika kila lugha. Kisha "iliyojaa", *plenus*: *pieno, plein, lleno, cheio, plin*. Kufikia neno la tatu walikuwa wanatabiri wenyewe. Kilatini kikianza na *pl*, Mfaransa na Mromania wanaiacha ilivyo, Mwitaliano anaigeuza *pi*, Mhispania *ll*, Mreno *ch*. Basi *llegar* na *chegar* zilizoonekana kama wageni wasiojuana zikawa ndugu wa tumbo moja.

Kijana wa mashua mwenye asili ya Mombasa akasema, "Mwalimu, hii ni kama sisi na watu wa Unguja. Wao wana macho, sisi mato. Wao mchele, sisi mtele. Wao wanacheka, sisi twateka." Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeliandika pembeni mwa rasimu, maana linaeleza jambo zima kuliko nilivyoeleza mimi kwa dakika ishirini: sauti haibadiliki kwa neno moja moja, inabadilika kwa safu nzima. Ukiona *t* ya Kimvita mahali Kiunguja kina *ch*, hutegemei bahati, unategemea kanuni.

Mtego mmoja ulinasa watu wanne. Nilitoa *plorare*, kulia: *llorar, chorar, pleurer*. Wakanikimbilia na *piangere* ya Kiitaliano kwa furaha. Sivyo. *Piangere* imetoka kwa *plangere*, kitenzi kingine cha kujipiga kifua kwa huzuni. Kufanana peke yake si ushahidi.

Sauti nyingine mbili tulizipitia haraka. Ile *i* fupi ya *plicat* imekuwa *e* kwa wengi: *llega, piega*. Mromania naye ameipasua akapata *pleacă*, kwa sababu ya ile *ă* inayofuata. Ile *c* ya katikati imelainika ikawa *g* kwa Mhispania, Mreno, Mkatalani na Mwitaliano, imebaki ngumu kwa Mromania, na kwa Mfaransa imetoweka kabisa. *Plier* ni kitenzi kilichotolewa utumbo.

8 Juni

Rasimu ya kwanza ya bango imekamilika, na ni nzuri mno. Nitaieleza ilivyo ili nikumbuke nilivyokuwa nimeridhika.

Kushoto nimechora jahazi. Mabaharia wa Hispania wanaona bandari, wanakunja matanga, wamefika. Mshale: *llegar, chegar*. Kulia nimechora kambi. Askari wa Kirumi huko Dacia, yaani Romania ya leo, nchi ambayo Kaisari Trajan aliitwaa mwaka 106 na ambayo Warumi waliihama yapata mwaka 271, wanaamka alfajiri, wanakunja mahema, wanaondoka. Mshale: *a pleca*. Kukunja ni kule kule. Baharini ukikunja umefika, bara ukikunja unaondoka.

Maelezo haya si yangu, utayakuta yakirudiwa kila mahali panapozungumzwa asili ya maneno haya. Darasa liliyapenda papo hapo, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinayaunga mkono. Tunasema mkutano umekunja jamvi. Tunasema fulani amefunga virago. Mwenye kukunja jamvi hakai tena. Yule dada wa vinyago alisema Mkatalani na *plegar* yake ndiye anayemwelewa zaidi: saa kumi na mbili jioni anakunja kitambaa chenye vinyago na siku ya kazi imekwisha, hata kama hajauza kitu. Mkatalani anauliza hivyo hivyo: *A quina hora plegues?* Unatoka kazini saa ngapi? Kwa neno: unakunja saa ngapi?

Kazi iliyobaki: rangi.

11 Juni

Haikubaki rangi tu.

Nilichukua rasimu nikateremka nayo ufuoni kumwonyesha mzee mmoja, nahodha wa zamani, ambaye mjukuu wake ni mwanafunzi wangu. Nilitaka anisahihishie jahazi, maana sijui kuchora kamba. Nikamwamkia, akanikaribisha kwenye gogo, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanakunja tanga, mzee. Wamefika."

"Tanga halikunjwi ukifika, mwalimu. Hutuliwa."

Akanieleza kama anayemfundisha mtoto. Chombo kikikaribia, foromali, ule mti unaobeba tanga, inateremshwa na tanga lake, ndiyo kutua tanga. Kulikunja ni kazi ya baadaye, ya vijana, watu wakiwa wameshafika, na nahodha huenda ameshafika nyumbani kwake anakunywa kahawa. "Kama neno la kufika lingetoka kwenye kukunja, basi wangefika vijana tu."

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Majahazi yetu yana tanga la pembetatu, ya Warumi yalikuwa na tanga la mraba, kwa hiyo huenda wao walifanya vingine. Nikaenda kutazama. Tanga la Kirumi lilivutwa juu kwa kamba zilizopita katika pete zilizoshonwa kwenye kitambaa, likajikusanya chini ya foromali, karibu kama pazia la dirisha linavyopandishwa. Je, kitendo hicho waliita *plicare*?

Nilifungua Virgilius, mshairi wa Kirumi, kitabu cha tatu cha utenzi wake *Aeneis*, ambako shujaa Aeneas na watu wake hawafanyi kingine ila kufika mahali na kuondoka. Wakiiona Italia kwa mara ya kwanza na hekalu la Minerva juu ya kilima, *vela legunt socii*: wenzake wanakusanya matanga. *Legere*, kukusanya, kuokota. Mahali pengine katika kitabu hicho hicho, *vela cadunt*: matanga yanaanguka, wanashika makasia. Yule mzee na Virgilius wangeelewana bila mkalimani.

Mwanafunzi mmoja alinipinga kwa hoja nzuri: Waitaliano husema *a vele spiegate*, matanga yakiwa yamekunjuliwa, chombo kikienda kwa nguvu zote. Ni kweli. Na *spiegare* hiyo hiyo ya kukunjua ndiyo yao ya kueleza jambo. (Sisi tunaeleza kwa kuliweka jambo lielee, wao kwa kulikunjua. Sijui nani anamwonea mwenzake huruma.) Lakini usemi wa Kiitaliano cha leo haunithibitishii kilichosemwa kwenye sitaha miaka elfu mbili iliyopita. Nataka mtu wa zamani aliyetumia *plicare* kwa maana ya kufika, au karibu na kufika.

14 Juni

Nimempata, na ni mwanamke.

Anaitwa Egeria. Alitoka magharibi ya mbali ya dola ya Kirumi. Wengi wanadhani ni Gallaecia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Katika miaka ya 380 alisafiri hadi nchi takatifu, akapanda Sinai, akakaa Jerusalem, akafika Edessa, akarudia Constantinople, na akawaandikia dada zake wa kiroho huko nyumbani kila alichokiona. Barua yake ilipotea kwa karne nyingi. Mwaka 1884 Gian Francesco Gamurrini aliikuta Arezzo, katika nakala ya karne ya 11, mwanzo wake na mwisho wake umekatika. Hatuna hata sentensi yake ya kwanza. Tuliyo nayo inaanza njiani, katikati ya safari, jambo linalomfaa.

Uzuri wa Egeria ni kwamba hakuandika kama mwanachuoni. Aliandika Kilatini cha mtu anayeongea, na ndani yake mtu anaanza kusikia Kihispania na Kifaransa vikipumua. Katika kurasa za mwanzo anaeleza bonde kubwa lililo mbele ya mlima wa Mungu. Ilibidi walivuke, wapite kichwani mwake, *et sic plecaremus nos ad montem Dei*. Na hivyo tusogee kwenye mlima wa Mungu.

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba chai ilipoa. Tazama kilichomo. *Plecare*, kwa *e*, kama Mhispania na Mromania watakavyosema baadaye (huenda *e* hiyo ni ya mnakili, lakini hata mnakili alikuwa na masikio). *Nos*, sisi wenyewe: tunajikunja, tunajisogeza. *Ad*, kwenye. Na mahali penyewe ni jangwa la Sinai! Hakuna bahari hapo, hakuna tanga, hakuna bandari. Kuna bonde, kuna wanyama wa kupanda, na baadaye kuna mlima ambao, anasema, walipaswa kuupanda kwa miguu moja kwa moja juu kama mtu anayepanda ukuta.

Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 4, msafiri anayedhaniwa ametoka pembe ile ile ya dunia ambako leo watu husema *chegar* na *llegar*, aliitumia *plicare* kwa kukaribia, na aliitumia nchi kavu. Hakuwa mbali na kufika. Alibakiza hatua moja tu ya maana: kutoka kusogea mpaka kuwa umeshasogea.

Jahazi nimelifuta. Nimelifuta kwa raba, polepole, na halikuwa jahazi baya.

15 Juni

Swali la leo: kukunja kumegeukaje kuwa kujisogeza?

Jibu lilikuwa kwenye kamusi muda wote, ila sikulitazama kwa sababu nilikuwa na jahazi. *Plicare* ina mtoto wa Kilatini aitwaye *applicare*, yaani *ad* na *plicare*. Mzizi wao wa kale kabisa ulihusu kusuka na kusokota; Mgiriki ana *plekein*, kusuka, na Mjerumani *flechten*. *Applicare* basi ni kukisuka kitu kwenye kingine, kukibandika, kukiegemeza. Na Warumi walikitumia kwa vyombo: *applicare navem*, kusogeza merikebu mpaka ilale ubavuni mwa nchi kavu. Livius, mwanahistoria wa Kirumi, anakitumia hivyo katika historia yake. Na Virgilius tena, kitabu cha kwanza, malkia Dido anamuuliza Aeneas aliyetupwa na dhoruba kwenye pwani ya Afrika: ni nguvu gani iliyokuegesha kwenye fukwe hizi za kutisha? Neno lake ni *applicat*.

Niliandika "kukuegesha" bila kufikiri, kisha nikasimamisha kalamu.

Egesha! Egama ni kuinamia kitu na kukitegemea. Egemea, hivyo hivyo. Egesha ni kukifanya kiegame, na mabaharia wetu huegesha chombo gatini, na siku hizi mjini kila mtu anaegesha gari, na hakuna gari linaloegama popote. Tangu tarehe 2 nilikuwa nikitafsiri *plicare* kwa neno sahihi, kukunja, na neno hilo sahihi ndilo lililokuwa likinipoteza. Kwenye njia ya kwenda *llegar*, Kiswahili chake ni kuegesha. Chombo kinaegeshwa. Kisha mtu anajiegesha. Kisha Egeria anajiegesha kwenye mlima. Kisha Mhispania anafika.

Kuhusu *ad* iliyodondoka njiani, sina wasiwasi. Egeria anayo bado, ila ameiweka mbele ya mlima badala ya mbele ya kitenzi. Na Wahispania wamebaki na *allegar*, Wareno na *achegar*, kusogeza karibu, ambamo ile *ad* ya zamani ingali imejibanza kwenye *a*.

Nilimpigia simu yule mzee. Akasema, "Egesha ndiyo. Hilo nalikubali." Akakata.

19 Juni

Mahema sasa. Siku nne nimekuwa nikizunguka.

Kwa upande wa Romania ningependa kuyabakiza, kwa kuwa picha ya askari anayekunja hema haina nahodha wa kuipinga. Lakini nikiwa nimeshafuta jahazi kwa kukosa ushahidi, sioni haki ya kuliacha hema lililokosa ushahidi ule ule. Kitenzi chenyewe kinasemaje?

Kinasema mengi. *A pleca capul* kwa Kiromania ni kuinamisha kichwa. *A se pleca* ni kuinama, kusujudu, kutii. *Plecăciune* ni lile tendo la kuinama mbele ya mkubwa. Na ndugu yake *a apleca*, ambaye ni *applicare* mtupu, ni kuinamisha au kuegemeza. Kumbe Mromania hakuacha kabisa maana ya kupinda. Ameiweka nyumba moja na maana ya kuondoka. Mtu anayeanza safari huinama mbele. Anayebeba mzigo, huinama zaidi. Kuelekea upande fulani, kuinamia upande huo, kuanza kwenda huko: sioni hatua yoyote hapo inayohitaji hema.

Na hapa ndipo nilipoona kwamba lile fumbo la tarehe 2 nilikuwa nimelitega vibaya. Nilidhani Mhispania na Mromania wamechukua tendo moja la kukunja, mmoja akalifanyia baharini, mwingine bara. Naona sasa wamechukua kuinama kule kule, *plicare se*, kujielekeza kwenye kitu. Wa magharibi akatazama mwisho wa mwelekeo: aliyeinamia kitu hadi kukigusa amefika. Wa mashariki akatazama mwanzo wake: aliyeinamia njia ameshaondoka. Ni mstari mmoja, kila mmoja ameshika ncha yake.

Hema nitalibakiza dogo, kwenye kona, na alama ya kuuliza. Wenye kulipenda wapo, na si wajinga. Wachungaji wa milimani nao wangeweza kudai sehemu yao ya hadithi, lakini sitawachorea.

Niliwaeleza pia wanafunzi juu ya nyota. Wanaisimu wakiandika neno ambalo hakuna maandishi yanayolishuhudia, huweka kinyota mbele yake. Mpishi mmoja akasema ni kama kusema "inadaiwa" kwenye habari. Sawasawa. *Plicare* haihitaji nyota. Hadithi ya matanga ingestahili moja, kubwa.

21 Juni

Duka la uchapaji. Karatasi imetoka, rangi nzuri, mishale imenyooka, na kila palipokuwa na *ă* ya Kiromania pana kisanduku cheupe. *Pleac▢*. *Plec▢ri*. Fundi akaniambia kompyuta yake haiijui herufi hiyo na akanishauri niandike *a* ya kawaida, "nani atajua?" Nitajua mimi. Nimelipa nusu. Nitarudi na faili lenye fonti ndani yake.

24 Juni

Nilipokuwa nasubiri faili, darasa liliniburuta pembeni. Kama Mhispania ana *llegar*, kwa nini Mwitaliano anasema *arrivare* na Mfaransa *arriver*, na Mromania akifika anasema nini?

Hayo hayatakuwa kwenye bango, lakini nayaweka hapa kwa sababu yalinifurahisha. *Arrivare* imetoka *ad ripam*, kwenye ukingo. Hilo ndilo neno la bahari halisi: Mfaransa wa zamani akisema *arriver* alimaanisha kutia nchi kavu kutoka majini. Leo anafika kwa treni na hakuna ukingo popote. Mkatalani anayo, *arribar*. Mhispania naye anayo *arribar*, lakini zaidi kwa vyombo vinavyoingia bandarini, na kutoka mzizi huo huo akajipatia *arriba*, juu, kwa sababu ukitoka majini ukingo uko juu yako.

Mromania anayefika husema *a ajunge*, na hiyo ni *adiungere*, kuunganisha. Mwitaliano wa vitabuni ana *giungere*, kuunga, kwa maana hiyo hiyo. Kufika kama kuungana. Hapo mwanafunzi mmoja aliyesoma chuo cha dini akainua mkono kabla sijamaliza. "Wasili," akasema. Kiarabu *wasala*: kuunganisha, na vilevile kufika. Neno tulilolichukua sisi kwa ajili ya ndege na viongozi ("Rais amewasili") lina mantiki ile ile ya Mromania, na hawa wawili hawakuambizana kitu.

Nasi tuna tua, kuweka mzigo chini, ambayo imetupa kutua kwa ndege, kutua kwa jua, kutua kwa tanga kwa yule mzee, na kituo. Nikawauliza Wareno walituachia lipi katika haya. Vasco da Gama alifika hapa Malindi mwaka 1498, na nguzo yao tunaiona kila siku tukienda kuogelea. Wakahesabu: meza, leso, bendera, kopo, mvinyo, gereza. Vyote vya kushika au vya kukushika. *Chegar* yao waliondoka nayo.

28 Juni

Bango liko ukutani, na *ă* zote zipo.

Juu *plicare*. Kutoka hapo mstari mnene wa kukunja unashuka kwa Mwitaliano, Mfaransa na Mkatalani, na kando ya Mkatalani nimechora kitambaa cha vinyago kilichokunjwa, dada akiwa ameridhia. Mstari wa pili, wa kuegesha na kuinama, unapita kwenye kisanduku kimoja kilichoandikwa Egeria, kisha unagawanyika: magharibi *llegar, chegar*, mashariki *a pleca*. Hema kwenye kona, na alama yake ya kuuliza. Chini kabisa safu ya sauti: *pl, pi, ll, ch*, na pembeni yake macho na mato, mchele na mtele.

Kasoro nilizoziona baada ya kupigilia misumari: mshale wa *ployer* unaonyesha kama umezaliwa na *plier*, na si kweli, hao ni kitenzi kimoja kilichopasuka vipande viwili. Kibao cha *Llegadas* kimekosa mwenzake wa Kireno, *Chegadas*. Na nimesahau kabisa *impiegare* na *employer*, kuajiri, ambazo ni *implicare*, kumfunga mtu ndani ya jambo. Mpishi aliyesikia hilo alisema Warumi waliijua ajira. Hizo zitasubiri toleo la pili.

Yule mzee alikuja leo mwenyewe, na mkongojo, kutazama kilichotokea kwa jahazi lake. Nikamwonyesha mahali lilipokuwa. Akasogea karibu, akatafuta neno lake, akalikuta limeandikwa kwa herufi ndogo kando ya mstari wa pili.

"Egesha," akasoma. "Mbona umeliandika dogo hivi?"

Toleo la pili, mzee. Pointi arobaini na nane, wino mweusi.